Mkuki ulilipiwa na jembe

Januari 2026 Terra Industries, kampuni changa ya Abuja nchini Nigeria, ilitangaza kuwa imepata dola milioni 11.75 za kutengeneza droni, minara ya ulinzi na programu ya kuviunganisha vyote. Mwekezaji aliyetangulia wenzake ni 8VC, mfuko wa Joe Lonsdale, mmoja wa waanzilishi wa Palantir, kampuni ya programu ya Marekani. Wenye kampuni, Nathan Nwachuku na Maxwell Maduka, ni vijana wa miaka ishirini na kitu. Tangu hapo kila ninapokaa na wanafunzi wa uhandisi, wakiwemo wa tawi la Rukwa la Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, naulizwa swali moja: wawekezaji kama wale sisi tutawapata wapi?

Naliheshimu swali hilo, ila limeanzia mwisho. Kabla ya kuuliza nani ataleta fedha, tuulize nani atanunua. Terra ilianza kwa kulinda mitambo ya umeme wa maji na migodi, yaani kwa wateja wanaolipa ili mali yao isiibwe. Fedha za Marekani zilikuja zikikuta biashara tayari ina mteja. Biashara ya ulinzi ni ngumu kwa sababu mteja wake mkubwa ni mmoja tu, serikali, na asiponunua yeye hakuna wa kumkimbilia. Hoja yangu leo ni kwamba Tanzania, na Ufipa yetu ya mkoa wa Rukwa ndani yake, imekosa oda kuliko ilivyokosa mtaji. Na oda ya kwanza haina haja ya kutoka jeshini.

Nianze na mtaji wa ubia wenyewe. Mfuko wa namna hii hukusanya fedha za mashirika ya pensheni, vyuo na matajiri, kisha hununua hisa kwenye kampuni changa nyingi ukijua kabisa kwamba zaidi ya nusu zinaweza kufa. Hautozi riba wala hauchukui hati ya shamba kama dhamana. Unategemea kampuni moja au mbili zikue mara hamsini, mara mia, zifidie maiti za nyingine zote, tena ndani ya miaka kama kumi, kwa sababu waliotoa fedha wanataka kurudishiwa. Ni mnyama tofauti kabisa na ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo ule unamfaa mwenye kuuza mahindi ya kuchoma au kufungua karakana ya kuchomelea. Anayetaka miaka mitatu ya majaribio kabla ya kuuza droni ya kwanza utamfilisi, maana marejesho hayasubiri majaribio.

Historia ya mtaji huu ina jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita. American Research and Development Corporation, inayotajwa kama kampuni ya kwanza ya mtaji wa ubia ya aina ya kisasa, ilianzishwa mwaka 1946 na kuongozwa na Georges Doriot, Mfaransa aliyehamia Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Doriot alikuwa brigedia jenerali katika idara ya ugavi ya jeshi la Marekani. Kazi yake ilikuwa kujua askari anahitaji nini na kutafuta wa kukitengeneza: viatu, mavazi ya baridi, chakula cha safarini. Mtu huyu aliitwa baadaye baba wa mtaji wa ubia, na alikuwa ametoka stoo ya jeshi, upande wa mnunuzi. Mwaka 1957 aliweka dola 70,000 kwenye kampuni changa ya kompyuta, Digital Equipment Corporation, na hisa zile zikaja kuwa na thamani ya mamia ya mamilioni.

Utaratibu huo umejirudia. Mwaka 1999 shirika la kijasusi la CIA lilianzisha In-Q-Tel, mfuko unaoweka fedha katika kampuni changa zenye kitu ambacho mashushushu wanakihitaji. Palantir, iliyoanzishwa mwaka 2003, ilipata kwao takribani dola milioni mbili. Kiasi hicho ni kidogo. Kilichokuwa na thamani ni mlango: wahandisi wake waliweza kukaa na watumiaji halisi, wakawasikiliza na kurekebisha. Hata hivyo jeshi la nchi kavu la Marekani liliendelea kujitengenezea mfumo wake wa kuchambua taarifa kwa mabilioni, mpaka mwaka 2016 Palantir ilipolipeleka mahakamani na kushinda. Hoja iliyoibeba ilikuwa sheria ya ununuzi ya mwaka 1994, inayolitaka jeshi kutazama kwanza bidhaa zilizoko sokoni kabla ya kuagiza kitu kipya kitengenezwe. Anduril, kampuni ya ulinzi ya Marekani iliyozaliwa 2017, ilianza na minara ya kulinda mpaka wa Mexico kwa ajili ya idara ya forodha na mpaka, na Juni 2025 ikakusanya dola bilioni 2.5 kwa thamani ya dola bilioni 30.5. Mwezi huo huo Helsing, kampuni ya ulinzi ya Ujerumani, ilipata euro milioni 600, zikiongozwa na fedha za Daniel Ek wa Spotify. Ukisoma tarakimu hizo peke yake utadhani fedha ndiyo iliyofungua njia. Kumbe sheria ya ununuzi na mteja wa kwanza vilitangulia.

Mkulima wa Ufipa hahitaji profesa kumweleza habari ya mnunuzi mmoja. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, unapofungua vituo vya kununulia na kulipa kwa wakati, bei ya mahindi kuanzia Laela hadi Namanyere inasimama. Ukichelewa, walanguzi wanashusha bei wanavyotaka. Juni 2017 serikali ilizuia mahindi yasiuzwe nje ya nchi. Mavuno yalikuwa mengi, njia ya Tunduma ya kwenda Zambia ikafungwa, na mikoa ya nyanda za juu kusini ikabaki na magunia yasiyo na mteja. Waliokuwa wamekopa mbolea waliumia zaidi. Sitaki kuufungua upya mjadala wa zuio lile. Nataka msomaji aone kwamba mwekezaji wa kampuni ya ulinzi anakaa palepale alipokaa mkulima yule: bidhaa anayo, mteja ni mmoja, na neno moja la mteja linaweza kumfunga. Tofauti ni kwamba mkulima wa Nkasi hana pa kuhamia, naye mwenye mfuko wa London au San Francisco anahamishia fedha zake Abuja asubuhi moja.

Tanzania haikuanza jana kutengeneza zana za ulinzi. Shirika la Mzinga la Morogoro lilianzishwa mwaka 1974. Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari kilichopo Kibaha, kilianzishwa rasmi kisheria mwaka 1985, na kimewahi kuunda malori yaliyobeba jina hilo hilo. Vyote viko chini ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, na mtaji wao ni bajeti ya serikali. Silaha hapa si biashara ya mtu binafsi kujianzia, na naona ni sawa iwe hivyo. Lakini njia ya bajeti ina udhaifu wake. Lori la mfano likishatengenezwa na kushangiliwa, linahitaji oda ya malori mia ili kiwanda kijifunze kulitengeneza kwa bei nafuu. Kila taasisi ya umma iliyoendelea kuagiza magari nje wakati Nyumbu ina wahandisi na mashine ilikuwa inakinyima kituo kile chakula. Fundi hajifunzi kwa kutengeneza kimoja.

Hili mababu wa Ufipa walilijua kwa vitendo. Kwenye uwanda huu bado yapo mabaki ya malungu, matanuru marefu ya kuyeyushia chuma, yaliyojengwa kwa udongo wa kichuguu hadi kumzidi mtu kimo mara mbili. Nimewahi kusimama kando ya moja. Ukuta ulikuwa umemeguka upande mmoja, na chini kulikuwa na matundu ya mirija ya udongo iliyoingiza hewa. Pembeni mabonge meusi ya takataka ya chuma, mazito kuliko yanavyoonekana. Tanuru lile halikuhitaji mivukuto. Urefu wake wenyewe ulivuta upepo. Chuma ghafi kilichotoka humo kilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika kukisafisha kabla ya kwenda kwa mhunzi. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameutafiti ustadi huu kwa miaka mingi, na ofisa wa kikoloni Greig aliandika juu yake mwaka 1937, wakati bado kulikuwa na wazee waliojua kuufanya.

Sasa angalia hesabu zake. Kuyeyusha chuma kulikuwa kazi ya kiangazi, yenye watu wengi, mkaa mwingi, miiko mikali na dawa zake, na tanuru liliweza kugoma kutoa chuma baada ya siku zote hizo. Hiyo ni hatari ya mtaji kwa maana kamili ya neno. Nani alikubali kuibeba? Jamii nzima, kwa sababu zao la tanuru lilikuwa na soko lisilokoma. Jembe lilihitajika kila shamba, lilitolewa mahari, na lilisafiri kwa biashara mbali na Ufipa. Mkuki na shoka vilitoka kwenye chuma kile kile, kwa mhunzi yule yule. Hakuna jamii ya wakulima ambayo ingejenga malungu kila kiangazi kwa ajili ya mikuki peke yake. Jembe ndilo lililowalisha mafundi, likawaweka kazini, likawapa mazoezi ya mwaka hadi mwaka. Siku ya hatari ilipofika, ustadi ulikuwapo.

Kulikuwa pia na mtaji wa namna nyingine katika nchi hizi karne ile ile, na nauleta hapa kwa makusudi. Misafara iliyotoka pwani ilikuwa ikikopeshwa na wafanyabiashara wa Unguja. Taria Topan, Mhindi tajiri wa Unguja, alikuja kumdhamini Hamed bin Muhammad el Murjebi, yule Tippu Tip, kwa bidhaa na bunduki, akitarajia kulipwa kwa pembe za ndovu. Tayari mwaka 1867 Tippu Tip alimshinda Nsama wa Itabwa, kusini magharibi ya Ziwa Tanganyika, si mbali na hapa, na akaondoka na shehena kubwa ya pembe. Kwa jicho la mweka hesabu ulikuwa uwekezaji uliofaulu: hatari kubwa, faida kubwa, wadai wakalipwa. Kwa jicho la waliokaa kati ya maziwa haya, ulikuwa mwanzo wa miaka ya kuvamiwa. Baadaye mvamizi aitwaye Kimalaunga na watu wake wenye bunduki wakaitesa Ufipa kutoka bonde la Rukwa hadi Wajerumani walipomwondoa miaka ya 1890.

Kwa hiyo sipendi kusikia mtaji wa silaha ukisifiwa kana kwamba ni mtaji wa kiwanda cha juisi. Mfuko wenye miaka kumi unataka kampuni ikue bila kupumzika. Nchi yenye amani hainunui zaidi kila mwaka, basi kampuni italazimika kutafuta wateja nje. Ng'ambo ya ziwa letu kuna nini? Goma, mashariki mwa Kongo, ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na Desemba mwaka huo waasi wakaingia Uvira, mji ulioko kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Bandari ya Kasanga inategemea biashara na Kongo. Kampuni ya Kitanzania yenye njaa ya mauzo na wakurugenzi walioteuliwa na mfuko wa ng'ambo ingekuwa na kishawishi kikubwa karibu mno na nyumbani. Faida ya mwekezaji isitoke kwenye risasi. Itoke kwenye kuona, kupima, kuwasiliana na kuonya, na serikali ibaki na ufunguo wa kila kinachouzwa nje.

Kuna anayesema fedha ya kuthubutu haiwezi kuja Rukwa hata kidogo. Imeshakuja. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba chini ya bonde la Rukwa kuna heliamu nyingi, wakikadiria futi za ujazo bilioni 54 kwa sehemu tu ya bonde. Gesi hii hupoza sumaku za mashine za MRI, hutumika kutengeneza chipu za kompyuta, na husukuma mafuta ndani ya roketi. Marekani iliihesabu kuwa mali ya kijeshi tangu zamani: mwaka 1925 ilianzisha hifadhi ya taifa ya heliamu huko Texas kwa ajili ya ndege-puto za jeshi, na imekuja kuiuza kwa kampuni binafsi mwaka 2024 tu.

Helium One iliingia soko la AIM la London Desemba 2020. Mwaka 2021 ikachimba kisima cha Tai, mambo hayakwenda vizuri, bei ya hisa ikaporomoka. Wawekezaji wakaongeza fedha. Mwanzoni mwa 2024 kisima cha Itumbula Magharibi kikatoa gesi yenye heliamu karibu asilimia 5, wakati sehemu nyingine duniani watu huivuna ikiwa chini ya asilimia moja. Leseni ya uchimbaji ikapatikana 2025. Noble Helium ya Australia nayo ilichimba upande wa kaskazini mwa bonde mwaka 2023, na waliowekeza humo hawakuona walichokitarajia. Hivyo ndivyo fedha ya namna hii inavyoishi: inapotea, inarudi, inapotea tena.

Kwa nini ilithubutu kushuka zaidi ya mita elfu moja kutoka uwanda wa Ufipa hadi kwenye joto la bonde, mahali ambapo barabara zenyewe ni taabu? Mambo mawili. Mnunuzi wa heliamu anajulikana duniani kote, ukiipata, utaiuza. Na masharti yameandikwa: Sheria ya Madini inaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 bila kulipia, na kila mwekezaji analijua hilo kabla hajapanda ndege. Sharti linaweza kuwa zito na bado mtaji ukaja. Kinachoufukuza ni kutojua.

Kijana wa droni hana hata moja kati ya hayo mawili. Ili arushe chombo chake anahitaji usajili wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kibali cha Wizara ya Ulinzi. Sipingi kibali hicho. Nchi inayopakana na mataifa mawili kupitia mkoa mmoja ina haki ya kujua nini kinaruka angani kwake. Lakini sijaona mahali palipotengwa ambapo anaweza kufanyia majaribio mwaka mzima kwa kibali kimoja, wala sijasikia taasisi iliyomwambia: ukifikia vipimo hivi, tutanunua kadhaa kwa bei hii.

Ufipa ingefaa kuwa mahali hapo, na mfano upo kwenye historia yake. Mbuga za Rukwa ni moja ya mazalio yanayojulikana ya nzige wekundu. Wimbi lililoanza mwaka 1930 kutoka Rukwa na Mweru wa Ntipa ya Zambia lilitawanyika sehemu kubwa ya Afrika na halikuisha hadi 1944. Baada ya maafa yale serikali za kikoloni ziliungana, na mwaka 1949 zikaanzisha shirika la kimataifa la kudhibiti nzige wekundu, makao yake Abercorn, Mbala ya leo, ng'ambo kidogo ya Kalambo. Mrithi wake yuko Ndola hadi sasa. Kila nchi mwanachama ilitoa mchango, kukawa na marubani, ndege, wapimaji wa mbuga na ripoti za kila msimu. Huo ulikuwa ulinzi wa anga wa wakulima, wenye mlipaji wa kudumu, na ndiyo sababu ujuzi wake haukufa kila nzige walipotoweka.

Mahitaji ya leo yanafanana na yale. Kweleakwelea kwenye mpunga na mtama wa bondeni. Moto unaopanda misitu ya Mbizi kila kiangazi. Wavuvi wa Kirando, Kipili na Wampembe wanaohofia majambazi wa kupora injini usiku, na ziwa lenyewe, lililofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ambalo mtu hawezi kulilinda kwa boti mbili tatu. Kamera inayoona moto wa Mbizi inaona pia boti isiyo na taa. Redio inayofikisha ripoti ya ndege waharibifu kutoka bondeni hadi Sumbawanga inafikisha pia ripoti ya mpakani. Jeshi likija baadaye kama mteja, litakuta chombo kilichokwisha kuanguka, kutengenezwa na kuruka tena mara nyingi kwa gharama ya kazi za kiraia.

Hatua yenyewe si ya kutisha. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inataka sehemu ya manunuzi, asilimia 30, itengwe kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, idara ya uvuvi na wakala wa misitu wakikaa meza moja na Wizara ya Ulinzi, wanaweza kutangaza kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, tenda moja ya huduma, ya miaka mitatu. Wanunue saa za kuruka na ripoti, wasinunue mashine, ili mwenye mashine abebe mzigo wa kuitengeneza. Majaribio yafanyike bondeni chini ya kibali kimoja. Hisa ya serikali ijulikane tangu mwanzo kama ilivyo kwa heliamu, na katazo la kuuza nje bila ruhusa liandikwe ndani ya mkataba.

Halafu walipe. Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu nimeona kampuni ndogo zilizoshinda tenda za umma zikifa huku zikidai. Ankara iliyolala mwaka mzima huua kampuni changa haraka kuliko kushindwa tenda, kwa kuwa aliyeshindwa hakuajiri mtu. Ikilipwa ndani ya siku zilizoandikwa, benki yenye tawi Sumbawanga itakopesha kwa hati ile ile ya oda, LPO, na mwenye mfuko wa Nairobi au London ataanza kupiga simu mwenyewe, akiuliza ni nani aliyepewa kazi ya Rukwa na amebakiza hisa ngapi za kuuza.